Siku Niliyolipigia Begi la Wifi Muziki wa Kuzikia

Sokoni siku hizi naitwa Mama Jeneza, na wengi wanaoniita hivyo hata sura zao sizijui. Mwanangu anaitwa Nailati, ana miezi mitano, kwa hiyo mimi ni Mama Nailati na si mama wa kitu kingine chochote. Lakini kwa kuwa aibu yenyewe imeshafika Lugoba na kurudi, bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wanaotia chumvi (wapo wanaosema nilileta jeneza lenyewe shughulini, jamani, jeneza ningelitoa wapi?).

Naishi kwa mkwe wangu, Bi Tatu, katika nyumba ya ukoo wao hapa Bagamoyo mjini, mimi na mume wangu na mtoto, pamoja na wifi yangu Zuhura ambaye tunapendana naye kwa zamu. Mwezi ule nilikuwa nimepata kazi ya kushona kwenye kiwanda kidogo cha nguo huko Zinga, kazi niliyoiomba tangu mtoto hajazaliwa, naanza Jumatatu, na mtu wa kumwachia mtoto ni mkwe peke yake. Nikapiga magoti nikamwomba. Akanijibu, "Nitamlea. Ila kwanza shughuli ya wifi yako ipite salama."

Shughuli yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku ya kupokea begi. Wanawake wa upande wa bwana harusi wanakuja na begi la nguo za bibi harusi, linafunguliwa katikati ya watu, kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu kila jicho likione, vigelegele vinapigwa na taarabu inalia. Sasa uchumba wa kwanza wa Zuhura ulifia hapohapo. Jirani mmoja aliweka taarabu ya mipasho, wageni wakaona wamesemwa wao, wakafunga begi lao na kuondoka nalo, na wifi yangu akakaa miaka miwili anapishana na watu wanaomwonea huruma. Ndiyo maana mkwe alitukusanya sebuleni akasema, "Safari hii atakayepiga mpasho hapa kwangu, atafute pengine pa kumlelea mwanawe." Wenye watoto wachanga nyumba nzima ni mimi tu. Angeniita kwa jina tu tukajua moja.

Na muziki nikakabidhiwa mimi, kwa sababu spika ni yangu.

Hapo ndipo nilipojifanya nina akili. Nailati alipokuwa analia na tumbo, nesi wa kliniki aliniambia nijaribu kumwekea muziki wa taratibu, nikatafuta kwenye simu nikapata mkusanyo wa muziki wa klasiki, ule wa Ulaya, fidla nyingi na piano na filimbi, vipande ishirini vinavyopendwa zaidi, vimechaguliwa maalumu kwa wanaoanza kusikiliza. Nikasema hapa hapa, anayeanza ndiye mimi. Kipande cha kwanza mtoto anatulia, cha pili anapiga miayo, cha tatu amelala, na mimi nimelala ubavuni pake mdomo wazi. Kwa hiyo katika ishirini nilikuwa navijua vitatu. Nikajiambia, muziki huu hauna neno hata moja, nani atasimama aseme amepashwa? Wageni watakula, begi litafunguliwa, Jumatatu niko Zinga kwenye cherehani. Nilijiona mjanja mpaka nikacheka peke yangu jikoni.

Wageni walifika kutoka Lugoba saa kumi kasoro, wamevaa sare ya kijani, mbele yao Bi Chausiku, shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Shikamoo shangazi," nikasema. "Marahaba mwanangu, na huo muziki nani kauweka? Mtamu!" Kipande cha kwanza kilikuwa kinalia. Moyo wangu ukanenepa.

Tatizo (na hili ningelijua ningetulia zangu) ni kwamba kwetu Pwani fidla zikilia bila mtu kuimba, basi hiyo ni bashraf, muziki mtupu unaotangulia taarabu kabla mwimbaji hajainuka. Kila mwanamke mle ndani alikuwa anamsubiri mwimbaji. Kipande cha pili, wanasubiri. Mama mmoja alishainuka kwenda kutunza, noti juu mkononi, kiuno kinazunguka, akafika mbele ya spika akasimama, akaitazama, spika nayo ikamtazama, akarudi kukaa. Cha tatu kikaja kile cha kulalia, nikaanza kusikia wanaulizana. "Mbona haanzi kuimba?" "Anavuta pumzi." "Pumzi gani dakika kumi na tano?" Na Bi Chausiku akasema kwa sauti yake ile, "Maneno yanayochelewa hivi, yakija yatakuwa makali."

Ningezima wakati ule. Sikuzima, kwa sababu nilikuwa nagawa visheti.

Begi likafunguliwa. Na kitu cha kwanza kilichotolewa, yarabi, ni mashuka. Mashuka meupe, mazuri, jozi nzima, Bi Chausiku akaliinua moja juu kwa mikono miwili na kulikunjua likamfunika mpaka miguuni, na sekunde ileile kikaanza kipande cha nne.

Kipande cha nne sijui kina mapenzi gani na mtu anayeanza kusikiliza. Kilianza chini, du, du, du-du, ngoma nzito na matarumbeta yanayoburuta miguu, polepole, kama watu wamebeba kitu kizito begani na hawana haraka ya kufika. Vigelegele vilikatika. Shuka jeupe liko juu. Na binti mmoja wa upande wao, anayekaa Dar na kuangalia sana sinema, akasema bila hata kupunguza sauti, "Shangazi, si ndio huu Wazungu wanaoupiga kwenye mazishi?"



Bi Chausiku akalishusha shuka taratibu mpaka macho yake yakatokea juu ya pindo. "Kumbe," akasema. "Begi letu mnalizika."

Nilitupa sinia la visheti nikakimbilia simu, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta, nikabonyeza mara mbili, kikaruka cha tano kikaingia cha sita, na cha sita, wenzangu, kina mizinga. Mizinga ya vita! Kilipiga kwenye spika vikombe vikacheza, bibi mmoja akatoa shahada, Nailati akaamka chumbani na kilio cha mtu aliyeibiwa. Nikang'oa spika kwenye umeme nikasimama nimeikumbatia.

"Shangazi," nikasema, "wallahi haina maneno, haijamsema mtu!"

"Wimbo usio na maneno," Bi Chausiku akajibu, "maneno yake anayajua aliyeuweka."

Na hapo kila mtu akayapata maneno yake. Mmoja akasema ulimlenga bwana harusi kwa sababu baba yake ana duka la sanda pale Msata (na mimi nilikuwa sijui, naapa). Jirani yetu akadai umelengwa kwake. Zuhura mwenyewe, bibi harusi, amejifunika kanga mpya, akaniuliza kwa sauti ndogo iliyoniuma kuliko kelele zote, "Wifi, umenizika?" Tumegombana mengi mimi na yeye, lakini hilo hapana. Wageni walianza kukunja mashuka kuyarudisha begini. Niliona uchumba wa pili unaondoka, na kazi yangu ya Zinga inaondoka nao mlango uleule.

Hapo ndipo mkwe wangu alipoingilia. Akainuka, akatengeneza kanga yake, akasema, "Bi Chausiku, kaa. Huyu mkwe wangu ana kasoro nyingi lakini fumbo haliwezi, akitaka kukutukana anakutukana. Mama Nailati, chomeka spika. Rudisha kile cha mazishi. Simama hapo katikati, utuimbie maneno yake, na yawe ya kuwakaribisha wageni."

"Mama, mimi sijui kuimba."

"Na kupiga muziki ulikuwa unajua?"

Basi nikaimba. Mtoto nimeshamtoa chumbani, yuko kiunoni analia, matarumbeta yanaburuta miguu, na mimi na sauti yangu ya chura nafuata du, du, du-du: "Ka-ri-bu-ni, wa Lu-go-ba, ka-ri-bu-ni." Nilipofika "mashuka ni mazuri, tutayafua" sauti ikapasuka, na yule binti wa Dar akaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. Kisha Bi Chausiku mwenyewe. Kisha wamama wa kijani wakaanza kupiga makofi wakiukimbiza ule muziki mpaka ukageuka ngoma, mmoja akainuka na shuka kiunoni, wakanirudisha toka mwanzo mara nne, na wapo waliorekodi. Begi likafunguliwa upya. Zuhura aliolewa, na kule Lugoba siku ya harusi niliitwa mbele kuuimba tena, nikagoma, wakaniwekea simu yenye sauti yangu.

Kazini nilianza Jumatatu ileile. Mkwe alimpokea mtoto mlangoni, akanipa sharti. "Kila ukirudi kazini, utakaa hapa uniwekee kimoja, mpaka viishe ishirini. Nataka kujua humo ndani mna nini kingine."

Ndivyo tunavyoishi. Nafika nimechoka, mgongo umekufa kwa cherehani, nakaa mkekani na mama mkwe kusikiliza Ulaya. Na yeye anavichambua. Cha tisa anasema ni cha mwanamke aliyeachwa bila talaka. Cha kumi ni cha watu wanaogombea mirathi. Mimi hasira zinanipanda kwa sababu kila nikisikiliza naona ni kweli, na sasa hata nikivitaka kwa usingizi siupati. Nimeapa sitaweka tena mbele za watu kitu ambacho sijakisikia mpaka mwisho, na shughuli ijayo nitaweka taarabu ya matusi ya wazi, nikimtukana mtu angalau nijue ni nani.

Jana tulifika cha kumi na moja. Fidla moja tu, inalalamika, inanyamaza, inaanza tena palepale. Mkwe alisikiliza amefumba macho mpaka kikaisha. Akavua miwani, akanitazama.

"Hiki," akasema, "umeniwekea mimi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kabla sijakataa.