Jalada la Ng'ombe wa Keshero

Watu hudhani mchoraji wa majalada husoma kitabu kizima, akakaa kimya, kisha picha ikamjia. Goma ya miaka ile ya hamsini, mimi nilianza kwa kujiuliza: nani atakasirika? Patroni wetu, Mzungu mwenye kiwanda kidogo cha kupiga chapa, alikuwa akitoa upya riwaya za zamani za Ulaya ambazo mapadri waliwakataza watu kuzisoma. Alitoa pia gazeti la kila mwezi lililojadili mahari, pombe, mashamba na shida nyingine za watu. Kabla ya kuchapa, karani wa serikali alipita kuyakagua majalada. Maandishi ya ndani yalimchosha. Picha ndiyo aliyoishuku.

Wasomaji nao hawakuwa nyuma. Riwaya moja ilihusu mke aliyemkimbia mumewe. Nikachora mlango uliofungwa, basi, nikidhani mlango hauwezi kumkosea mtu. Haukupita muda, mama mmoja wa Murara akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Papa, ule mulango ni wa kwangu. Nani alikuambia mambo ya nyumba yangu?"

Ukiingia kazi hii usivunjike moyo kwa maswali kama hayo. Kuchonga kwenyewe si kugumu. Unachukua kipande cha lino, lile zulia gumu la sakafuni, unakipasha jua kidogo kilainike. Unachoondoa kwa kisu kitabaki cheupe, unachoacha kitashika wino. Kumbuka tu kwamba picha itatoka kinyume: pembe ya kushoto ichonge kulia. Mkono ukiteleza, usikitupe kipande. Mara nyingi kosa hugeuka kuwa jani.

Mwezi mmoja gazeti lilizungumzia malisho. Mashamba makubwa ya kahawa yalikuwa yakisogea, na wafugaji walioshuka kutoka milima ya Masisi wakabaki kuomba ruhusa ya kulisha kando ya ziwa, pale Keshero. Nilichonga ng'ombe mmoja mbele ya uzio wa shamba, pembe yake moja imeinamia jicho. Nikaitundika nakala ya kwanza mlangoni ikauke.

Mchungaji aliyekuwa akipita akasimama.

"Hii ngombe ni ya muzee wa Keshero."

"Ni ng'ombe tu, ndugu yangu."

Alinicheka. "Ngombe tu? Weye ulishaona wapi ngombe tu? Kila moja iko na mwenyewe."

Alisema kweli. Nilikuwa nikimwona yule ng'ombe kila asubuhi nikienda kazini, na mkono wangu ulimkumbuka bila kuniuliza. Kesho yake kapita, yaani msimamizi wa shamba la kahawa, ambaye ndiye aliyetoa ruhusa ya kulisha Keshero, alikuja kuitazama ile nakala. Hakunisalimu. Aliuliza kitu kimoja: yule muzee alikuja hapa kulalamika siku gani?

Nilimwambia hakuja kamwe. Akatabasamu kama mtu aliyepata jibu alilolitaka; kwake, kukana kwangu kulikuwa ushahidi.

Nikaenda Keshero mbio. Muzee alikuwa mjane, na hakuwa na majani mengine popote. Akifukuzwa pale, ng'ombe wangekufa njiani kurudi milimani. Alinisikiliza huku akitazama nyuma yangu, kuona kama nimefuatwa.

"Nani alikutuma unichore?"

"Hakuna, muzee. Nitaifuta."

"Ukiifuta leo, kapita atasema tumepatana. Acha." Akafikiri. "Weka na ngombe za wengine. Malalamiko ya mutu mumoja ni ubishi. Ya batu wote ni hali ya hewa."

Alikwenda mwenyewe kuwaomba wenzake. Walikataa. Mmoja alimwambia usoni kwamba anatafuta watu wa kufukuzwa pamoja naye. Niliwaelewa. Hata hivyo nikachukua lino pana zaidi, nikaongeza ng'ombe wa jirani yake wa karibu, aliyekubali kwa kunong'ona.

Habari ikatembea. Asubuhi moja nikawakuta wanaume watatu mlangoni, wamekunja uso.

"Kwa nini ya fulani iko na yangu haiko?"

"Si mlikataa?"

"Tulikataa malalamiko. Hatukukataa ngombe. Yake iko na pembe kama vijiti vya kuchokolea meno, na unaiweka mbele!"

Basi wakaanza kunielekeza: doa la bega, nundu, mkia uliokatika. Wengine walituma wachungaji. Nilichonga wote bila kuuliza majina, maana kuuliza kungewatisha. Jalada likajaa pembe kama mafunjo.

Kapita alirudi lilipochapwa. Alipitisha kidole, akimtafuta muzee kwenye kundi, mara kidole kikasimama pembeni, juu ya ndama mweupe mwenye pua nyeusi. Alimfunika kwa gumba.

"Huyu nani alikuonyesha?" Sauti ilikuwa imeshuka.

Mwenye shamba aliwakataza wafanyakazi wake kufuga. Kumbe kapita alikuwa amemficha ndama wake kwenye kundi la Keshero, na mtu fulani, sijui nani hadi leo, alinielekeza alama zake pamoja na za wengine.

"Ni wengi, papa," nilimwambia. "Sikuuliza ni wa nani."

Alilikunja gazeti, akalitia ndani ya koti, akaondoka.

Muzee alibaki na majani yake msimu ule; kumfukuza kungemfichua na yule ndama. Nilipokwenda kumpa nakala aliipokea haraka, akaniomba nisimsalimie njiani mpaka mvua zipite.

"Batu banaangalia," alisema, na akaswaga ng'ombe wake kuelekea ziwani.