Akala za Baba na Viatu vya Kuokwa

Enzi zetu hakuna mtoto aliyeulizwa anataka kiatu gani. Baba alikutazama miguu mara moja, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye tairi kuukuu la lori, akakata kwa kisu, na jioni ukavaa akala zako. Zikiwa kubwa uliambiwa utakua. Zikiwa ndogo uliambiwa zitatanuka. Wenzangu mliolelewa Kinangop miaka ile, katika baridi iliyopasua visigino na midomo, mnajua sitii chumvi. Tuliruka bladda kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa nyuzinyuzi, tukacheza kati, kukwepa mpira wa matambara, mpaka mama akaita kwa jina la tatu, tukala githeri baridi kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, na asubuhi mwalimu wa zamu alitukagua kucha langoni kwa makini ya mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Viatu hakukagua. Alijua hakuna cha kukagua.

Siku hizi naishi Queensburgh, hapa Durban, mbali na Kenya yetu, pamoja na binti yangu Nyambura, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka ishirini. Yeye anashindana mbio za baiskeli ziitwazo saiklokrosi. Kwa msiozijua, ni mbio za kuzunguka kwenye nyasi na matope karibu saa nzima. Njiani wameweka mbao za kuruka, na pale kilima kinaposhinda baiskeli, mtu anashuka, anaitia baiskeli begani, anapanda mbio kwa miguu, kisha anairukia tena juu huko. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia kwamba sisi hiyo tuliita kwenda shule. Hakucheka.

Basi mtoto huyu alichagua viatu vya mbio hizo kwa miezi mitatu. Baba yake nilimkubali kwa muda mfupi zaidi. Kila jioni alikaa na simu akimsikiliza mwanamume mmoja mwenye ndevu, wa nchi gani sijui, akieleza habari za soli kwa dakika arobaini bila kunywa maji. Nilijifunza bila kutaka kwamba ugumu wa soli una namba, kwamba mbele ya kiatu hufungwa njumu ndogo za kushika udongo, na kwamba mtu mwenye akili zake huchukua wembe akapunguza mpira wa kiatu kipya ili matope yasigande. Vilipofika hatimaye, alivianika ukutani kimoja kando ya kingine avipige picha, na tumbili wa mtaa wetu akaiba soli ya ndani ya kile cha kushoto. Nilimwonea tumbili huruma, maana sidhani alijua ugumu wake ni namba ngapi.

Lakini kilichonimaliza ni Jumapili moja baada ya kanisa. Nilifungua oveni nipashe chapati, nikakuta viatu vimelala kwenye trei yangu. Nyambura akanieleza, kwa upole kama anayemweleza mgonjwa, kwamba vinaokwa dakika mbili, kisha unavivaa vikiwa moto vishike umbo la mguu. Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe kuombea chakula. Siku hiyo nilisimama jikoni nisijue kama na viatu navyo viombewe.

Viliiva vizuri, vikashika umbo la mguu, na havikumfaa kitu. Vilikuwa vigumu kama ubao, na njumu zake mbili zikijaa matope hazikushika chochote. Kwenye mashindano yaliyofuata alianguka mara tatu kilimani, baiskeli juu yake, mpaka wa mbele wakampita kwa mzunguko mzima na, kama sheria inavyotaka, akatolewa. Kocha akamwambia wazi kwamba asiyemaliza mbio za mwisho wa msimu hatasafiri na timu ya chuo kwenda Johannesburg. Alirudi nyumbani akajifungia bafuni, na nilimsikia akilia huku amefungulia maji ili nisisikie. Hapo sikucheka mimi.

Nililokumbuka usiku ule ni kilima cha maziwa. Baba alisukuma baiskeli ya chuma yenye mitungi miwili kwenye keria, kutoka nyumbani mpaka barabara kuu, na lori la maziwa halikumngoja mtu. Mimi nilisukuma kwa nyuma kabla ya kwenda shule. Mvua zikianza, baba alichukua akala zetu akapigilia chini yake vipande vinene vya tairi, kimoja kwenye vidole na kimoja kisiginoni, vyenye meno kama ya trekta. Zilikuwa mbaya, hizo akala. Zilikufanya utembee kama bata. Lakini hazikuteleza hata siku moja.

Nilipokuwa darasa la saba, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kupita njia ile asubuhi, soksi nyeupe mpaka magotini. Siku moja nikazificha akala zangu kwenye ua, nikavaa raba nilizoazima kwa binamu. Katikati ya kilima miguu ikanitoka. Baba peke yake hakuweza kuishikilia baiskeli, ikamwangukia, na maziwa yakatiririka mpaka mtaroni huku tukilisikia lori likiondoka. Aliinuka, akajipangusa uso, akanitazama miguu. "Viatu nilivyokutengenezea vilikuwa vya kilima hiki," akasema, "si vya wasichana wale." Hakulitaja tena jambo hilo mpaka anakufa, na heri angenichapa.

Kwa hiyo wiki ya mwisho kabla ya mbio hizo, Nyambura akiwa chuoni na mitihani yake, nilivichukua viatu vyake bila ruhusa nikashuka navyo mjini kwa Papa Jules, fundi Mkongomani anayekaa mbele ya saluni ya mkewe. Nikamwagiza apigilie na kugandisha tairi, vidoleni na kisiginoni, lenye meno. Alikigeuza kiatu akaona kibati cha chuma katikati ya soli.

"Mama, hii chuma haiko hapa bure," akasema. "Iko na kazi yake."

Nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa akitengeneza viatu kabla yeye hajazaliwa, na kwamba chuma kwenye matope kinateleza, akifunike. Tazameni kiburi hicho. Mtu aliyekulia kwenye akala akiona chuma chini ya kiatu, hudhani ni msumari umeingia kwa bahati mbaya. Papa Jules alinitazama kidogo, akasema sharp, mama, yaani sawa, na akakifunika kazi safi kabisa. Ijumaa nikavirudisha kwenye mfuko wa Nyambura nikiwa nimenyamaza, nikitaka ashangae.

Alishangaa. Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na uwanja wote ulikuwa uji. Wasichana wa Morningside, mtaa wa wenye pesa, walikuwa chini ya mahema yao, kila mmoja na mtu wa kumpangusia baiskeli. Nusu saa kabla ya kuanza, Nyambura akatoa viatu, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Mama, kile kibati kiko wapi?"

Nikamuuliza kibati gani, ingawa nilikijua.

"Eish, mama. Ndicho kinachoshika pedeli. Bila hicho mguu unaruka tu, siwezi kuendesha."

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliyatazama yale meno ya tairi, akatazama kando kwenye mahema ambako wawili walikuwa wameanza kuchungulia, na uso wake ukawa uso ninaoujua, kwa sababu niliwahi kuwa nao. Akasema ataazima vya mtu yeyote, hata kama havimtoshi.

Nikamwambia anipe kisu cha kukatia nanasi tulilokuja nalo. Nikakaa juu ya kisanduku cha barafu, mimi mama mzima mwenye shahada tatu, kiatu kati ya magoti, nikaanza kukata dirisha kwenye ule mpira wa katikati. Tairi halikatiki kwa hasira. Unalowesha kisu, unavuta kidogo kidogo, kama baba alivyofanya, na mkono wangu ulikumbuka kabla yangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha uso, nikamsimulia habari ya maziwa, ambayo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, hata baba yake. Nikamwambia kwamba kwa ajili ya soksi za wasichana nisiowajua hata majina, nilimwangushia baba yangu baiskeli.

"Na yeye akasema nini?"

Nikamwambia. Kibati cha kwanza kikatokea, kisha cha pili. Nyambura alivichukua viatu, akajaribu kwenye pedeli, kikalia tak, akaenda kupanga mstari.

Sitawadanganya kwamba alishinda. Aliangukia mbao mara moja, na mimi nikameza nanasi na kokwa ambalo nanasi halina. Lakini pale kilimani, ambapo viatu vya kuokwa vya mahema yote vilikuwa vikirudi chini na wenyewe, binti yangu alipanda na baiskeli begani, polepole, akitembea kama bata, na hakuteleza. Alimaliza wa kumi na moja. Alimaliza, wenzangu, na Johannesburg atakwenda. Msichana aliyeshinda alikuja akachuchumaa miguuni pake, akauliza kwa heshima ni kampuni gani inatengeneza soli za namna ile.

"Babu yangu," Nyambura akamjibu. "Wa Kinangop."

Kilima kile siku hizi kina lami, na lori, nasikia, linaingia mpaka mlangoni. Baba tulimzika zamani na sikuwahi kumwambia pole. Nimewacheka sana vijana wa leo, na kesho nitaendelea, maana anayeoka viatu ananidai kicheko. Lakini tukikaa sisi wa enzi zile na kusema kwamba tulikuwa watoto wa maana kuliko hawa, naomba mniruhusu ninyamaze. Wangu alivaa akala mbele ya uwanja mzima. Mimi sikuweza mbele ya wasichana watatu.