Daftari Langu Kwenye Foleni ya Sukari

Mwezi huu nimesoma hadithi tatu, na maoni yangu nimeyaandika daftarini maana kuyasema siwezi. Katika ya kwanza mpelelezi anapigwa risasi tatu, kesho yake yuko dansini. Ya pili ni ya mapenzi, ovyo kabisa, ila nililia. Ya tatu kaitunga kaka Salehe, karani aliyepanga chumba cha uani kwetu. Alinipa mimi kwanza, kabla ya kuipeleka kwa wachapaji. Usoni nilimwambia, "Nzuri sana, kaka." Daftarini niliandika, "Nimesinzia mara nne. Afadhali asiandike tena."

Jana, foleni ya sukari hapa Kariakoo, watu waliweka mawe kushika nafasi zao wakaenda kivulini. Mimi mjinga nilikosa jiwe, nikaweka daftari.

Niliporudi, kaka Salehe alikuwa nyuma ya nafasi yangu, kalishika.

"Soma kwa sauti, na sisi tusikie!" mama mmoja alimtania.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Foleni ilisogea, nikakusogezea daftari lako. Upepo ukalifunua."

Akanirudishia bila kuniangalia.

"Hizo mara nne, mdogo wangu," akauliza polepole, "ni kurasa zipi?"