Kisu cha Baba Kilichonyooshwa

Harufu ya chuma cha moto kinapozamishwa kwenye oili chafu hunichekesha hadharani. Juzi nilipita kwa mafundi wa kuchomelea nyuma ya soko, hapa Mpanda, ile harufu ikanipiga puani, nikasimama nikacheka peke yangu mpaka dereva wa bajaji akaniuliza, "Dada, uko salama?" Ningemwelezea vipi na abiria anamsubiri? Ngoja niwaeleze nyie.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Nilipokuwa darasa la tatu alirudi kutoka Lebanoni, alikokuwa ameenda kulinda amani, na ndani ya begi lake, katikati ya blanketi na chokoleti zilizoyeyuka, kulikuwa na kisu ambacho mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Kilikuwa kizito, kinene mgongoni, kimepinda katikati kama mtu aliyeinama kuokota kitu. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya nyati. Chini kabisa ya makali, karibu na mpini, kulikuwa na kipengo kidogo kilichochongwa makusudi.

Baba alisema kinaitwa kukuri, kinatoka Nepali, na alizawadiwa na askari mwenzake wa huko, jina lake Prem, kwa sababu ya ushujaa. Ushujaa gani, hakufafanua. Alikitundika sebuleni juu ya televisheni, kikiwa kwenye ala yake nyeusi ya ngozi, na pembeni akaweka picha yake na Prem, kisu kimeinuliwa katikati yao. Kisha akatutangazia kama yuko gwaride: "Hiki hakiguswi."

Basi hakikuguswa. Wageni walikalishwa mbele yake kimya kama waliokuja kuhani msiba. Baba alipoitwa kikosini kwake Tabora, kisu kilibaki kutuangalia tunavyokula.

Halafu Bibi akaja kututembelea kutoka Sibwesa. Bibi, mama yake Baba, alikuwa Msukuma aliyehamia Katavi na ng'ombe na watoto, na hakuona maana ya kitu chochote kukaa bure, kiwe kisu au mjukuu. Jumamosi moja, Mama akiwa dukani kwake sokoni, Bibi alinunua mguu wa ng'ombe wa kuchemshia supu. Mimi nilikuwa nafua uani. Nikasikia ko! Nikasikia tena, ko! Nikakimbilia jikoni.

"Bibi! Hicho hakiguswi!"

"Kasema nani?"

"Baba."

"Baba yako nimemzaa mimi," akajibu, akakiinua tena juu ya kichwa.

Pigo lile ndilo lililotumaliza. Mpini ulipasuka kwa urefu, na kipande cha makali kikaruka kikagonga sufuria. Mfupa ulibaki mzima. Bibi aliutazama mfupa, akakitazama kisu, akasema kwa dharau, "Hiki ndicho kisu cha jeshi? Kinashindwa na mguu wa ng'ombe?" Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Sote wawili tulijua Baba anakuja likizo na treni wiki iliyofuata, na kwamba kitu cha kwanza atakachokisalimia ni ukuta.

Bibi alikifunga kisu kwenye kanga, akanipa nikipakate, tukapanda bodaboda mshikaki, mimi katikati. Kila tulipopita kwenye shimo, dereva alijikunja.

"Bibi, kuna kitu kinanichoma mgongoni."

"Endesha, mwanangu. Usiposimama ghafla hakitakudhuru."

Fundi Sadiki alikuwa mhunzi na mchomeleaji kwa pamoja, mtu mcheshi asiyejua neno "sijui". Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli. Alikipokea kisu, akakigeuza, akasikitika kama daktari.

"Loo! Kimeumia sana hiki. Mlikigongesha wapi?"

"Wewe kirudishe kilivyokuwa," Bibi akasema. "Kiwe kizima."

"Mpaka mwenyewe asikitambue," fundi akaahidi. Na ahadi hiyo aliitimiza.

Tulipokwenda kukichukua kilikuwa kimelala juu ya gunia, kimenyooka kama rula. Fundi alikuwa amekipasha moto, akakipigapiga kwenye reli mpaka upinde wote ukaisha. Kile kipengo cha karibu na mpini alikiziba kwa kuchomelea. Makali aliyasaga mpaka pale palipovunjika pakatoweka. Mpini aliuviringishia mpira mweusi wa tairi la baiskeli, kwa mbali ukafanana na pembe, na kwa kuwa alitupenda, alipaka rangi ya fedha chuma chote. Bibi alifurahi kupita kiasi. Mimi nilihisi kuna kitu hakiko sawa, lakini nilikuwa mtoto, na kisu kiling'aa kweli.

Mama aliporudi jioni alikitazama, akakaa chini taratibu.

"Nani amenyoosha kisu?"

"Fundi," Bibi akasema kwa fahari. "Kilikuwa kimepinda vibaya."

Mama alinyoosha kidole kwenye picha. Bibi aliisogelea, akafumba jicho moja, akaangalia muda mrefu. "Kumbe," akasema, "walimpa kikiwa hivyo hivyo."

Kesho yake tulirudi kwa fundi na picha mkononi. Alikasirika kabisa.

"Yaani mnataka nikiharibu tena?"

"Kiharibu," Bibi akamwambia. "Lakini vizuri."

Fundi alivukuta mkaa huku ananung'unika. Mimi nilishika picha mbele yake, Bibi anatoa amri, "Ongeza. Ongeza kidogo. Bado," na chuma kikawa chekundu, kikapigwa, kikainama, kikaendelea kuinama. Alipokizamisha kwenye oili moshi ulitufunika wote, na ulipotawanyika, fundi ameshika kitu kama mundu wa kukatia mpunga. Akakipaka rangi ya fedha upya. Kuingia kwenye ala kiligoma. Bibi alikipaka samli, akakishindilia kwa goti mpaka kikazama, tukakitundika.

Baba alifika, akasalimia ukuta, akatabasamu. Tulikula. Alipomaliza kunawa alisema Prem atapiga simu ya video jioni ile, akakishusha kisu na kuvuta mpini. Hakikutoka. Akavuta tena. Akamwomba Mama ashike ala, yeye akaweka mguu kwenye kochi, akavuta kwa nguvu zote alizofundishwa jeshini. Kilichomoka ghafla, Baba akaanguka chali juu ya zulia, kimundu cha fedha kinang'aa mkononi mwake na samli inamtiririkia kwenye kiwiko.

"Nani?" akauliza kutoka pale chini.

Nililia kabla hajamaliza. Bibi akasema, "Mimi. Nilikuwa napasua mfupa. Na ungeninunulia kisu cha maana nisingekishika cha kwako."

Simu ikalia wakati ule ule. Baba aliipokea akiwa bado ameketi chini, na Prem, mtu mfupi mwenye masharubu membamba, alikiona kisu kabla ya salamu. Alicheka mpaka akatoka kwenye kioo. Aliporudi alikuwa amemleta mama yake, kikongwe mwenye kishaufu puani. Prem akawa anamtafsiria, akizungumza Kiingereza na Baba, harakaharaka. Niliona masikio ya Baba yanatikisika, kisha naye akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu arudi. Alimpa Bibi simu. Wale mama wawili waliongea kwa muda mrefu, mmoja Kisukuma, mwingine Kinepali, wakionyeshana mikono, na walielewana kuliko sisi.

"Mama yake Prem anasema yeye amekwishakivunja hicho kisu mara nyingi," Baba akatutafsiria. "Vichwa vya mbuzi. Mpini wenyewe alishaubadilisha. Anasema usijali."

Bibi aliondoka nacho kwenda Sibwesa, na Baba hakupinga. Mimi niliamini ametusamehe kwa sababu mama wa watu ametuombea.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo na Kiingereza changu kimekomaa, niliongea na Prem mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu ule ushujaa. Hakunielewa. Ushujaa gani? Walikuwa wanalinda geti, akasema, kwenye baridi, na usiku kucha walikuwa wanabishana mama wa nani anapika zaidi. Alipokwenda likizo mama yake alimpa kisu chake cha jikoni, akamtuma: mpe rafiki yako, ampelekee mama yake. Siku ile ya simu walikuwa wanafurahi kwamba hatimaye kimemfikia. Baba alikuwa ametafsiri kila kitu, isipokuwa hilo.

Nilimpelekea Bibi habari hiyo Sibwesa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapasua boga. Sikuona dalili ya kushangaa.

"Baba yako," akasema, "alipokuwa mdogo nilikuwa namtuma apeleke sukari kwa shangazi yake. Inafika karatasi tupu."

Akanikatia kipande cha boga, akaniambia nikachochee moto.