Diski Isiyoonekana

Zahoro mwenye malori, jirani yangu hapa Chapwa, ananunua kinachoonekana na watu. Geti lake lina maua ya dhahabu, choo cha ndani hakitoi maji. Ndiye Zahoro huyo.

Siku aliyokwenda kununua vifaa vya kamera za nyumbani, nilikuwa dukani kwa Lusubilo, fundi kompyuta, nimepeleka simu yangu. Zahoro akachagua skrini pana kama mlango, akachagua na kompyuta ya kuchezea gemu, yenye taa za rangi zinazozunguka tumboni. Lusubilo akamwambia, "Bosi, hizo taa hazina kazi. Kamera zako nane zinataka diski kubwa, ndiyo inayotunza picha. Hii ndogo iliyomo ikijaa, picha za leo zinafuta za jana."

"Hiyo diski inakaa wapi?"

"Ndani."

"Sasa nani ataiona?"

Niliona aibu kwa niaba yake. Yeye wala. Akabeba mataa yake.

Basi kila mgeni akawa anakalishwa sebuleni kutazama ua wa nyumba kwenye skrini. Kuku akipita, Zahoro anauliza, "Mnayaona manyoya?" Watu wazima na akili zetu tukawa tunatazama kuku.

Haukupita muda, bangili za dhahabu za mkewe, Mwanaasha, zikapotea. Mara ya mwisho alizivaa harusini, wiki iliyotangulia. Nani angesingiziwa kama si dada wa kazi? Tupokigwe, binti wa Itumba, aliyewafulia mpaka soksi. Wakaniita mimi na ndugu zao tushuhudie.

Tupokigwe hakulia. "Baba, kamera ya korido inaangalia mlango wa chumba chenu," alisema. "Fungua picha za wiki yote. Kama niliingia, nipeleke polisi."

Roho iliniuma, maana nilijua. Zahoro akabonyeza weee, taa zikazunguka. Picha zilikuwa za tangu jana tu.

"Mtandao unasumbua," akasema. Muongo mkubwa. Halafu, bila haya, akamwambia binti wa watu afungashe.

Tukabaki tunatazama skrini. Tupokigwe alipofika getini alisimama chini ya kamera, akafungua begi. Akatoa kitu kimoja kimoja, akikiinua tukione: gauni, kanga, viatu, Biblia, akaikung'uta kurasa. Akageuza begi juu chini. Picha ilikuwa safi, hata uzi uliofumuka tuliuona. Akarudisha vitu vyake, akaenda kutafuta gari la Itumba.

Baadaye Mwanaasha alizikuta bangili kwenye pochi ileile ya harusini. Wakati huo Chapwa nzima ilishamwita Tupokigwe mwizi. Nikamfuata Zahoro, nikamwambia angalau awaonyeshe watu ile picha ya getini, kisha aende Itumba kuomba radhi.

Akanijibu kwamba ilishafutika. Kisha akanikaribisha ndani nikaone kamera yake ya tisa.