Kimraba Juu ya Kalamu

Truphena Khayanga alikuwa katika mwaka wake wa pili wa kazi za nyumbani huko Al-Safa, Jeddah, kwa Madam Hanaa, mwalimu wa khati, sanaa ya mwandiko wa Kiarabu. Kila Jumanne alasiri madam alifunga kamera juu ya meza, ikitazama karatasi, akaandika huku wanafunzi wake, wengi wao wa Riyadh, wakiufuata mkono wake kwenye kompyuta zao.

Jumanne hiyo picha iliwafikia wanafunzi ikiwa na takataka juu yake. Alama ya betri, tarakimu, na kimraba cheupe kilichorukaruka juu ya kalamu.

"Ustadha, nukta za herufi hatuzioni," mwanafunzi mmoja akalalamika.

Madam akazima maikrofoni, akageuka. "Truphena! Jumamosi ulipanguza kamera. Umegusa nini?"

"Haki ya Mungu, madam, nilipitisha kitambaa tu."

"Basi imejiharibu yenyewe?"

Truphena alimjua msichana aliyerudishwa kwa wakala kwa sababu ya pasi iliyoungua. Lakini ugonjwa huu pia aliujua. Kabla ya kuja Saudia alimfanyia kazi Justus, mpiga video wa Kakamega aliyerusha mazishi mtandaoni. Siku moja alama ya betri ilikaa juu ya uso wa marehemu kwa saa nzima. Familia ilifoka, na Justus akamfundisha Truphena pa kuizima.

"Madam, nijaribu?"

Madam alisita. "Yalla. Upesi."

Menyu yote ilikuwa kwa Kiarabu, na Kiarabu cha kusoma hakuwa nacho. Akafuata alama ya spana, akashuka mstari kwa mstari hadi akaona herufi nne zilizoandikwa pia kwenye waya wa kamera: HDMI. Akaingia. Machaguo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa na alama ya vema. Akabonyeza la pili.

Betri ikatoweka. Tarakimu zikatoweka, na kimraba nacho. Ikabaki karatasi na wino.

"Mashallah, sasa ni safi kabisa!" sauti zikaja kutoka Riyadh.

Madam akashika paji la uso. "Ndugu yangu aliiazima juzi. Aliniambia ameirudishia mipangilio yake ya dukani, nikamshukuru; kumbe ndiyo iliyoleta alama hizi! Nisamehe, Truphena. Nimekusingizia."

"Halas, madam. Yameisha."

Alitembea polepole hadi jikoni, akafunga mlango, akaketi juu ya ndoo aliyoifudikiza. Kisha akacheka peke yake, kiganja mdomoni, asije akasikika darasani.