Damu Aliyoishangilia Godelive

Godelive alikuwa na miaka hamsini na saba, hedhi imemkoma kitambo, alipoona damu tena. Mwingine angeshtuka. Yeye alipiga magoti bafuni kwake, mtaa wa Lawrence Heights, akamshukuru Mungu. Msimcheke. Tangu aolewe na Félicien kule Uvira, Kongo, aliomba mtoto mmoja tu, na mawifi walimwita mgumba mpaka siku anapanda ndege ya kuja Toronto.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu amemrudishia ujana. Kanisa zima vigelegele. Hata mchungaji, mtu aliyesoma, akaitikia amina. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu maskini hakuficha, aliyatangaza kwa kipaza sauti. Kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alipishana na manesi kutwa, asimwambie hata mmoja. Muujiza nao unapelekwa kwa nesi? Nyumbani Félicien akamkataza kubeba mizigo.

Damu iliendelea mpaka theluji ikayeyuka. Maumivu ndiyo yaliyompeleka hospitali. Daktari Shamina, binti wa wazazi waliotoka Dodoma, alimweleza kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba ni kansa ya mji wa mimba. Inazidi kuwapata wanawake, alisema, lakini wanaowahi damu inapoanza, wengi hutolewa kizazi wakapona. Yake ilikuwa imeshafika mapafuni. Félicien alilia palepale, hakujali watu. Jamani, inauma. Ile damu ilikuja kumwambia kimbia, yeye akaifanyia sherehe.

Godelive mwenyewe hakulia, hadi alipotembelewa wodini na Thacienne, mwenzake wa kwaya, mjane aliyepita miaka sitini. Thacienne hakujua mwenzake anaumwa nini. Alimnong'oneza kwamba naye damu ilimrudia tangu mwaka jana, akaificha kwa hofu. Ila ule ushuhuda ulimtoa wasiwasi, sasa analala usingizi.

"Asante, dada," alisema. "Uliniponya."

Machozi yakamtoka Godelive, akamshika mkono. "Thacienne, nilikosea. Yangu ni kansa. Nakuomba, umwone daktari leo hii, kabla hujatoka humu."

Thacienne akauchomoa mkono wake polepole. "Usimruhusu shetani akuibie imani," alisema kwa upole, akavaa koti lake.

Godelive, amechomekwa mpira wa dawa mkononi, hakuweza kumfuata. Alimwita tu, na kuita, mpaka sauti ikamkauka.